Mama, Naja na la Kwangu

Mnunuzi wa gari la bei nafuu hayumo garini wakati tangazo lake linapita redioni. Yumo kwenye daladala, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia mkoba, na redio anayoisikiliza hakuichagua yeye. Ni ya dereva. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila kijana anayekuja kuniuliza namna ya kutunga wimbo wa tangazo la gari. Wengi hawalipendi. Wanakuja wamejaa magari ya kwenye video: taa zinang'aa, barabara nyeupe, upepo unapeperusha mtandio. Barabara nyeupe Dar es Salaam mimi naijua ya asubuhi ya Idi tu.

Nimetunga jingo za sabuni, za unga wa sembe, za benki, hata za dawa ya mbu. Kazi iliyonifunza zaidi ya zote ilikuwa ya yadi moja ya magari yaliyotumika kutoka Japani, miaka ya 2010, wakati IST, Vitz na Passo zimejaa mjini kiasi kwamba ukimwambia mtu nimeegesha IST pale nje, anakuuliza ni ipi kati ya hizo sita. Studio yetu ilikuwa Sinza, chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, kuta zimebandikwa magodoro na trei za mayai, na feni ilibidi izimwe kila tulipoingiza sauti. Mwenye yadi aliingia humo na suti yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanipa karatasi.

Karatasi ilianza na bei. Mstari wa pili ulikuwa bei tena, ya kulipa kwa awamu. Halafu tairi mpya nne, kiyoyozi kinapuliza, redio ya kisasa, mafuta ya kuanzia bure. Chini kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: HAKUNA WA CHINI YANGU MJI MZIMA.

"Kijana, mimi nataka mtu akisikia tu ajue bei ya chini iko kwangu. Hayo mengine panga unavyojua."

"Sawa mzee. Ila nikuombe kitu. Niruhusu nije kukaa yadini kwako siku kadhaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa fundi bomba asiye na spana, lakini akakubali.

Nilikuwa na sababu ya kuisitia karatasi ile. Mwezi Januari 2008, huko New Delhi, kampuni ya Tata ilizindua gari dogo lililoitwa Nano, na ahadi yake kubwa ilikuwa bei: rupia laki moja. Ratan Tata mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia kwa kuona familia nzima zimepakizana juu ya pikipiki, baba anaendesha, mtoto amesimama mbele, mama nyuma. Wazo zuri, la huruma hata. Magari yakaanza kukabidhiwa kwa wateja mwaka 2009, na dunia nzima ikalitambua Nano kwa sifa moja, gari la bei ya chini kuliko yote duniani. Halikuuzika kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2018 utengenezaji ulisimama. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na yako magari machache yaliyoshika moto yakawatia watu hofu, lakini Ratan Tata alikuja kukiri hadharani kwamba kulinadi kama gari la bei ya chini kabisa kuliwaumiza. Baba wa ile familia ya kwenye pikipiki hakutaka jirani amwone ameshuka kwenye gari ambalo kila mtu analijua kwa udogo wa bei yake. Alikuwa amejinyima miaka ili aonekane amepanda daraja.

Wamarekani walilijua hili mapema. Mwaka 1905 ulitoka kwao wimbo wa "In My Merry Oldsmobile", na gari lenyewe, lile Oldsmobile dogo la dashi iliyopinda, liliuzwa dola 650, bei ya chini kwa magari ya siku zile. Wimbo unasimulia kijana na mchumba wake wakitembea na gari lao. Zile dola 650 hazitajwi.

Basi nikaenda yadini. Pana kibanda cha bati chenye benchi, mlinzi ana birika lake la kahawa, na magari yamepangwa yakiwa bado na vibandiko vya Kijapani kwenye vioo. Bei imeandikwa kwa chaki ya maji kwenye kila kioo cha mbele, tarakimu kubwa kama za ubao wa shule. Kwa hiyo hakuna aliyeulizia bei. Nilikaa pale nikiwasikiliza wanunuzi, na maswali yao yalikuwa mengine: Lita moja inakwenda kilomita ngapi? Spea? Nikitaka kuliuza baada ya miaka miwili litanirudishia shilingi ngapi? Na lile swali ambalo mgeni wa mji huu hawezi kulielewa: namba itakuwa ya herufi gani? Namba zetu za usajili huanza na T, zikafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na hiyo herufi ya kwanza kati ya zile tatu husema gari limesajiliwa zamani au juzi. Wakati ule namba D ndiyo ilikuwa fahari. Mtu mwenye Vitz ya zamani kwa mwaka wa kutengenezwa lakini ana namba D alitembea kifua mbele, na aliyenunua mkononi mwa mtu gari zima kabisa lenye namba A alijieleza kabla hajaulizwa.

Siku moja akaja mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, na fundi wake kutoka gereji ya mtaani. Fundi hakusalimiana na muuzaji sana. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa tambara alilokuja nalo mfukoni, akakirudisha, akakichomoa tena, akakinusa. Akafungua buti, akainua zulia, akapapasa chuma chini ya tairi la akiba kutafuta kutu. Akaamuru gari liwashwe, kisha akaweka kiganja kwenye ekzosi na kuinamisha kichwa, macho yamefumbwa. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni kimya, mkoba wake kifuani, akimtazama fundi usoni kama ndugu wa mgonjwa anavyomtazama daktari. Hatimaye fundi akasema, "Hii ni 1NZ, mwalimu. Hata mimi nikifa leo, fundi mwingine utampata kesho."

Alikuwa na maana yake. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 1,500 imo kwenye IST, imo kwenye Probox, Allion, Premio na Corolla, kwa hiyo kifaa chake hukikosi hata wilayani. Mwalimu akashusha pumzi. Hakwenda kwanza kwa muuzaji. Alitoa simu, akasogea hadi kwenye kivuli, akapiga. Nilisikia kwa kuwa benchi lilikuwa pale pale: "Shikamoo mama... Hapana, si mgonjwa... Mama, Jumamosi usimtume mtu stendi. Naja na la kwangu."

Niliandika maneno hayo nyuma ya risiti ya kahawa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono tu.

Kazi ya mikono yenyewe ina hesabu zake, na hapa ndipo vijana wengi huchoka. Tangazo la redio ni sekunde 30. Ukichagua mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, sekunde 30 zinakupa mapigo 48, yaani ba 12 za mapigo manne manne, kamili, bila kipande kinachoning'inia mwishoni. Mbili za mwanzo za gitaa, nne za ubeti, nne za kiitikio, mbili za mwisho mtangazaji aseme yadi iko wapi. Hakuna nafasi ya shairi la tarbia. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na anayetaka kuingiza tairi mpya nne, kiyoyozi, redio na mafuta ya bure ndani ya ba nne atapata mtu anayesoma orodha huku anafukuzwa na mbwa.

Nilichukua mizani nane kwa kila ba. Vina vya kati nikavitupa, maana sikio la abiria halivingoji. Ubeti ukatoka hivi:

Mvua ikinyesha leo,
watoto wamo garini;
spea zipo kila kona,
fundi yuko mtaani.

Na kiitikio, mwimbaji anatoa na waitikiaji wanapokea: Mama, naja na la kwangu.

Prodyusa wetu, kijana wa Tandale, alishaanza kupiga biti ya singeli kabla sijamaliza kusoma. Naipenda singeli, na anayeidharau hajawahi kuisikia uwanjani ikipigwa na waliozaliwa nayo. Lakini singeli hukimbia mapigo 200 kwa dakika na zaidi, na mwalimu wangu wa miaka hamsini kasoro alikuwa wa muziki wa dansi, wa gitaa la solo linalobembeleza. Tukabishana. Mwishowe akaweka gitaa la dansi, na chini yake, kwa kiburi chake, akaficha ngoma ndogo moja ya kwao. Nilimwachia. Ilipendeza.

Mwimbaji alikuwa dada wa kwaya, sauti ya pili, ambaye hakuwahi kuimba tangazo. Prodyusa alimwelekeza aanze kila mstari juu ya pigo la kwanza. Mstari wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ukakwama: kila alipoimba "watoto wamo garini", ile "wa" ya mwanzo ilipigwa nyundo, na neno likasikika kama linatamkwa na mzungu aliyeshuka ndege jana. Prodyusa akasema sauti ina tatizo. Dada akavua hedifoni, akasema kwa upole, "Kaka, sisi kwaya hatuimbi hivyo. Hebu niingie mapema kidogo." Akaitanguliza "wa" kabla ya pigo, "to" ikaangukia kwenye ngoma, na papo hapo wakawa watoto wa hapa hapa. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki ukiuhamisha, msikilizaji hajui kosa liko wapi, ila anahisi anadanganywa, na mtu anayehisi anadanganywa hanunui gari. Yale maneno ya mwalimu kwa mama yake hayakuhitaji kurekebishwa hata kidogo. Kila mkazo ulianguka kwenye pigo wenyewe.

Mwenye yadi alisikiliza mara ya kwanza na mikono imefungwa kifuani.

"Bei iko wapi?"

"Ataisema mtangazaji mwishoni, mzee."

"Na gari? Kwenye kiitikio hamna gari."

"Kuna mlango wa gari unaofungwa kabla hajaanza kuimba. Sikiliza tena."

Kuhusu bei sikumpa hotuba ya heshima ya mnunuzi, nilimpa hesabu. "Milioni kumi na moja na laki nane" ni mizani kumi na nne, karibu nusu ya ubeti mzima. Na bei yenyewe haitulii. Gari la Japani linanunuliwa kwa dola, linapanda meli, linafika bandarini linakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na kama limezidi miaka 8 linatozwa ushuru wa uchakavu juu yake. (Wakenya wao wamefunga mlango kabisa, gari lililozidi miaka 8 haliingii. Sisi tunaliruhusu, ila linaulipia uzee wake.) Shilingi ikiteleza kidogo, au bajeti ya Juni ikigusa asilimia moja, bei uliyoiimba imekuwa uongo, na kuurudia wimbo ni kumwita upya mwimbaji, waitikiaji na mpiga gitaa. Mtangazaji anarudia sentensi moja kwa dakika tano. Kitu kinachobadilika kisiimbwe. Mzee alikuwa mfanyabiashara, hilo lilimwingia mara moja.

Yako mengine tuliyobishania ambayo nitayapita haraka. Alitaka tuchukue wimbo uliokuwa ukivuma mwaka ule tubadilishe maneno. Nikamwonyesha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, akauliza faini, akanyamaza. Alitaka tuseme "magari mapya". Yalikuwa yameshatembea miaka kumi kule Japani, na Tume ya Ushindani ina mamlaka juu ya matangazo yanayopotosha, kwa hiyo tukasema yametoka Japani, basi. Alitaka tangazo lianze na honi. Hapo niligoma. Honi, king'ora na mlio wa simu havina nafasi kwenye tangazo la redio, kwa sababu yupo mtu anayeendesha mabasi yetu huku anasikiliza, na kumshtua dereva kwenye foleni ya Ubungo ili kuuza Passo ni jambo ambalo sitaki kulibeba.

Kabla ya kukabidhi kazi nilikwenda nayo kwenye bajaji. Nafanya hivyo mpaka leo. Spika za studio ni kubwa na zina adabu, kila kitu kinasikika kizuri humo. Nilimpa dereva wa bajaji wa kona yetu kumbukumbu ndogo ya flashi, akaichomeka, tukazunguka hadi Mwenge na kurudi. Besi yote ilipotea, imemezwa na injini. Herufi "s" ya "spea" ilichoma sikio kama mafuta ya kukaangia. Ngoma ndogo ya prodyusa, ile ya kiburi, ndiyo iliyobaki imesimama wima juu ya kelele zote. Lakini mlango ulipofungwa, dereva alipunguza mwendo akageuka nyuma: "Nani kafunga mlango?" Bajaji haina mlango. Tulicheka hadi Mlimani. Nikarudi studio, tukapunguza makali ya "s", tukaisogeza sauti ya dada mbele, mlango tukauacha ulivyo.

Tangazo lilipita asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, muda wa foleni. Kwa mujibu wa wauzaji wa pale, watu walianza kufika wakisema wamekuja kuchukua la kwao, na wengine walisema hivyo kwa utani kabla hata ya salamu. Konda mmoja wa daladala za Mbagala nilimsikia kwa masikio yangu akiimba kiitikio huku anakusanya nauli, na abiria wawili wakampokea. Tangazo likishafika kwa konda halihitaji tena kulipiwa redioni.

Lisilonifurahisha ni lililomfika yule dada wa kwaya. Alilipwa mara moja, siku ile ile, taslimu, kwa makubaliano ya mdomo kama ulivyokuwa utaratibu wa studio nyingi wakati huo. Kisha wimbo ukatoka redioni ukaenda kwenye televisheni, ukaenda kwenye gari la matangazo lenye spika juu, ukaenda kwenye banda la maonyesho, ukawa mwito wa simu ya ofisi ya yadi. Kila mahali ilikuwa sauti yake. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa alishalipwa, na karatasi ya kupinga hilo hakuwa nayo. Mjini alijulikana kama "yule wa la kwangu", na nauli ya kurudi nyumbani alilipa mwenyewe. Tangu hapo haingii mtu kwenye chumba changu cha kurekodi kabla hatujaandika tangazo litapita wapi, kwa muda gani, na likizidi hapo atalipwa nini. Wapo wateja walioondoka kwa sababu hiyo. Waende.

Na wewe mwenye yadi unayesoma hapa, ukitaka wimbo, karatasi ya bei iache ofisini. Njoo na mteja aliyenunua kwako mwaka jana na bado anakusalimia akikuona. Tukae naye nusu saa, atueleze alimpigia nani simu siku ile alipokabidhiwa funguo, na alimwambia nini.